Mzee Wincenty Madej na Ukurasa wa Thelathini na Moja

Wasifu huu umeandaliwa na familia na kusomwa na mjukuu wake Kajetan, katika kanisa la Wierzbiany, Jumamosi tarehe 11 Februari 2023, baada ya misa na kabla ya kwenda makaburini.

Baba Paroko, Bibi yetu mpendwa, ndugu, jirani, nanyi mliosimama mpaka kwenye ngazi za nje: tunawaomba mwingie ndani, msogeleane, na wa mwisho afunge mlango. Ipo sababu, nayo itatajwa mwishoni. Kwanza tumweleze mtu tuliyekuja kumsindikiza.

Wincenty Madej alizaliwa hapa Wierzbiany, wilaya ya Gorlice, siku ya Ijumaa tarehe 22 Januari 1937. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Vinsenti, kwa hiyo wazazi wake hawakuhangaika kutafuta jina. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Walenty Madej, fundi wa mapipa, na mkewe Agnieszka, ambaye kabichi yake chachu bado inakumbukwa na wazee waliomo humu. Kabla hajajua kusoma, Wincenty alikuwa akizunguka ghala la baba yake akigonga mapipa kwa kifundo cha kidole na kutaja yaliyomo. "Hili limejaa. Hili limebaki robo. Hili kaingia panya." Mama yake alicheka, akafunua pipa la tatu, na panya alikuwemo. Baba yake alifariki Januari 1945, wiki ambayo vita vilipita katika bonde letu, na Agnieszka akawalea watoto watatu peke yake kwa kabichi, viazi na ukali.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, katika jengo ambalo leo ni zahanati. Mwaka 1952 paroko wa wakati huo alimpeleka Przemyśl, kwenye shule ya wapiga ogani, na huko alikaa miaka mitano. Ripoti yake ya mwisho tunayo nyumbani. Ogani hupigwa kwa mikono na kwa miguu, na mwalimu wake aliandika: "Sikio la ajabu. Mguu wa kushoto mzito. Hashauriki." Mwanzo alituonyesha ripoti hiyo ili tucheke, lakini tulipokua tulitambua kwamba alikuwa akijivunia yale maneno ya mwisho.

Tarehe 1 Septemba 1957, akiwa na miaka ishirini, alipanda kwa mara ya kwanza kama mpiga ogani wa parokia ngazi arobaini na moja zinazokwenda kwenye roshani mliyoipa mgongo sasa hivi. Alizipanda kwa miaka sitini na mitatu, mpaka Sikukuu ya Watakatifu Wote mwaka 2020. Aliwapigia harusi zenu na ubatizo wa watoto wenu, na zaidi ya marehemu elfu mbili walitoka humu wakisindikizwa na mikono yake. Alifundisha kwaya nne. Alirekebisha mabomba kwa mikono yake mwenyewe katika miaka ambayo ngozi ya kushonea mivukuto haikupatikana, na alipoikosa kabisa alitumia glavu za ngozi ambazo shangazi yake alizivaa kwenye ubatizo. Na kila Majilio, kama ilivyo desturi ya wapiga ogani wa kwetu, alitembea nyumba kwa nyumba na mfuko wa ile mikate myeupe, myembamba, tunayomegeana mezani usiku wa Noeli. Alikuwa na nyumba mia tatu na kumi na mbili. Alirudi na mayai na soseji, pamoja na habari za kila mtu.

Niseme wazi jambo moja, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda mazishi ya uongo. Marehemu alikuwa mkaidi. Mwaka 2016 halmashauri ya parokia ilipopendekeza ogani hii ya mwaka 1871 iondolewe na kuletwa ya umeme, alisimama katikati ya kikao na kofia yake mkononi. Mjumbe mmoja akamwambia kwa upole, "Mwalimu, fikiria na wewe. Ya umeme haijali baridi wala joto. Haipandi, haishuki. Kanisa likiwa tupu au likiwa limejaa, yenyewe ni ile ile."

"Ndiyo maana siitaki," alijibu. "Haitajua kwamba mmekuja."

Kikao kikacheka, na pendekezo likafa. Wengi walidhani ni mzaha wa mzee. Leo tunajua kwamba hakuwahi kusema neno zito kuliko hilo, na ndilo linalotufikisha kwenye ndoa yake.

Mwaka 1961 alikwenda Gorlice kuazima manota, na katika chumba cha muziki akamkuta mwalimu kijana wa piano, Bronisława Tokarz, akila tufaha kwa mkono mmoja na kupiga kwa mkono mwingine. Alimwomba ampigie kitu kwa mikono yote miwili. Bronisława alipopiga, Wincenty naye akaomba zamu. Bronisława alimsikiliza mpaka mwisho, akatupa kokwa la tufaha, akasema: "Kaka, wewe unapiga piano kama mtu anayekanda unga. Hiki si ogani. Hapa ukishagusa, sauti imeshaanza kufa. Huwezi kuikalia."

"Kwangu sauti haifi mpaka niiachie," alisema Wincenty.

"Basi kwenu mnakosa adabu. Kitu lazima kijue wakati wa kuondoka."

Walifunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi tarehe 27 Aprili 1963, na tangu siku hiyo nyumbani waliitana Wicek na Bronka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Felicja mwaka 1965 na Roch mwaka 1968. Ubishi ulioanza katika chumba kile waliuhamishia jikoni. Ukawa ndio mazungumzo ya nyumba ile: sauti inayokaa na sauti inayoondoka, ipi ni ya kweli zaidi. Na kwa kuwa hakuna aliyeshinda, mwaka 1971 Marehemu alianza kuandika jibu lake kwa nota.

Lilikuwa konseto ya ogani na piano, utungo mrefu wa sehemu tatu, ambamo vyombo viwili vinasemezana kama watu wawili wa hadhi moja. Aliuandika kwa miaka mitano, baada ya misa, juu ya jiko la kuni lililozimwa. Hakufuata mitindo mipya ya wakati ule. Aliandika kwa namna ya zamani, iliyopimika, sentensi kwa sentensi, swali halafu jibu. Katika sehemu ya kwanza vyombo hivyo vinabishana. Katika ya pili ogani inashika sauti moja ndefu sana, na juu yake piano inadondosha nota moja moja, kama maji yanavyodondoka kutoka paani siku theluji inapoanza kuyeyuka. Katika ya tatu piano inauliza na ogani inajibu, kisha ogani inauliza na piano inajibu, haraka, haraka zaidi, hadi ukurasa wa mwisho ambapo vyote viwili vinasema jambo moja kwa pamoja. Ukurasa huo ni wa thelathini na tano. Aliuandika akimtazama mkewe akimenya viazi. Hayo alituambia yeye.

Vyuoni tulifundishwa kwamba muziki mkubwa huzaliwa kwenye miji mikubwa, na kwamba mji mdogo kazi yake ni kupiga makofi. Huo ni uongo, na ushahidi umelala mbele yenu kwenye jeneza la mti wa mwaloni. Huyu mtu alifanya kazi miaka mitano bila kuombwa na mtu, bila cheo na bila ahadi, akiamini kwamba watu wa Wierzbiany wanastahili kitu kilichoandikwa kwa ajili yao. Ni imani ambayo wengi wetu tuliosoma zaidi yake hatuna hata robo yake.

Konseto ilihitaji piano kubwa, na piano kubwa ilikuwa moja tu hapa mjini, ndani ya Nyumba ya Utamaduni, mali ya serikali. Serikali ya siku zile haikupenda vitu vyake viingie kanisani. Mkurugenzi wa Nyumba hiyo, ambaye mama yake aliimba kwaya kwa Marehemu, aliandika kwenye kitabu chake kwamba piano imepelekwa matengenezoni kwa siku nne, akaondoka kwenda kumtembelea dada yake. Ndivyo ilivyotokea kwamba tarehe 14 Januari 1977 piano ilipita barabara kuu juu ya sleji, gari la kuteleza kwenye theluji, ya kukokotwa na farasi wawili, imefunikwa kwa mablanketi ya manyoya ya nyumba tatu. Mtu aliyeuliza aliambiwa ni ng'ombe mgonjwa.

Jumamosi tarehe 15 alikuja fundi wa piano, Bwana Hieronim Bujak, wakati huo kijana wa miaka ishirini na tisa. Leo yumo humu, na ametupa ruhusa ya kuyasema haya. Ogani haiwezi kukazwa wala kulegezwa sauti ilingane na piano, mabomba ni mengi mno. Ni piano inayolinganishwa na ogani. Bwana Hieronim alifanya kazi siku nzima amevaa glavu zilizokatwa ncha za vidole. Kanisani joto lilikuwa nyuzi tatu tu. Alipokaribia kumaliza aliuliza:

"Mwalimu, kesho mnategemea watu wangapi?"

"Hawa wa kwetu? Hamsini. Wakijitahidi sana."

"Nauliza kwa sababu ya joto. Watu wakijaa, joto linapanda kwenye roshani, mabomba yanapata moto, sauti ya ogani inapanda. Piano itabaki huku chini kwenye sakafu ya mawe, haipandi nayo. Naweza kuikaza kidogo sasa hivi, iwasubiri juu."

"Hamsini, Hieronim. Hamsini hawapashi moto hata kile chumba kidogo cha sakristia."

Bibi alikuwa ameketi kwenye piano, mikono kwapani. "Wewe," alisema, "umegonga milango mia tatu na kumi na mbili na mikate mkononi, kila mlango umemwalika mtu, halafu unamwambia fundi hamsini?"

"Walisema 'tutaona'. Mtu wa Wierzbiany akisema tutaona, haji. Mimi nisiwajue?"

Hili ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa la mtu wa namna yake. Aliwapenda watu hawa kiasi cha kuwaandikia konseto, lakini hakuthubutu kuamini kwamba watakuja kuisikiliza. Piano ikalinganishwa kwa baridi ya kanisa tupu.

Jumapili tarehe 16, saa tisa alasiri, walikuja mia saba. Walikuja wazazi na mababu zenu. Walijaa hadi kwenye mimbari, wamevaa makoti ya ngozi ya kondoo, na mvuke ukawatoka kama farasi. Marehemu alitazama kwenye kioo kile kidogo kilicho juu ya ogani, ambacho ndicho jicho la mpiga ogani kwa kuwa anakaa ameipa altare mgongo, akaona vichwa tu. Felicja, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na akigeuza kurasa pale juu, anakumbuka kwamba baba yake alijifuta macho, akasema, "Wamekuja wajinga hawa, wote." Wala hakuikumbuka piano.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika ya pili, sauti ndefu ya ogani ikaanza kupanda, polepole, unywele kwa unywele, jinsi pumzi za watu zilivyokuwa zikipanda, na nota za piano zikawa zinadondoka chini yake, pembeni, kama mtu anayekosa ngazi. Wasio na sikio walihisi tu kwamba meno yanawauma. Bibi alivumilia. Alivumilia hadi sehemu ya tatu, ukurasa wa thelathini na moja. Hapo aliinua mikono, akafunga kifuniko cha piano taratibu, akaiweka mikono yake magotini. Marehemu alimwona kwenye kioo. Hakukatisha. Alipiga kurasa tano za mwisho peke yake. Alipouliza swali aliacha nafasi ya jibu, na ndani ya nafasi hiyo watu walikuwa wakikohoa.

Kilichosemwa sakristia kilisikika na kanisa zima, kwa hiyo si siri.

"Uliacha!"

"Ulipanda!"

"Mimi nipande wapi? Nimekaa kwenye benchi langu tangu mwanzo!"

"Ogani yako ilipanda! Nilikuwa nacheza na mtu aliye ghorofani!"

"Mwanamuziki haachi katikati! Hata nyumba ikiungua!"

"Mwanamuziki ana masikio, Wicek! Yako uliyasahau kwa hao wajinga wako mia saba!"

"Wanangu," alisema paroko, "hao wajinga wanawasikia."

Mwandishi mmoja wa gazeti aliyetoka mjini aliandika kwamba alisikia saa mbili za ukutani zikigombania wakati. Marehemu alikata kipande hicho cha gazeti na kukibandika chini ya benchi la ogani, akakikalia kwa miaka arobaini na mitatu. Piano ilirudi siku ya Jumatatu, ikiwa imepona ugonjwa wake. Mwaka uliofuata mkurugenzi yule alihamishwa, na aliyemfuata hakuwa na mama kwenye kwaya. Lakini tusidanganyane, miaka ya baadaye piano zilipatikana. Kilichokosekana ni neno moja. Bibi alisema hatakaa tena kwenye konseto ile mpaka mumewe akiri kwamba ogani ilipanda. Babu alisema hataifungua tena mpaka mkewe akiri kwamba aliacha. Nota zikaingia kabatini.

Mji mzima uliishi na ubishi huo. Dukani walimsalimu, "Mwalimu, leo umepanda?" Na Bibi akichelewa kutoa chenji kwenye pochi, "Mama Madej, umeacha?" Wao wenyewe walibishana kwa raha, kama watu wengine wanavyocheza karata. Lakini waliokaa karibu nao walijua kilichokuwa chini ya ubishi huo. Siku moja Roch alimkuta baba yake jikoni, vidole vikitembea juu ya meza, vinasimama, vinangoja, vinaendelea. Alikuwa akipiga kurasa tano za mwisho, na nafasi za piano aliziacha wazi. Alikuwa na kiu ya kuzisikia zikijazwa, hata mara moja tu, kabla hajafa. Hakumwambia mtu, lakini kila mtu wa nyumba ile alijua.

Kuanzia vuli ya mwaka 2020 moyo wake ulianza kuchoka, na ngazi arobaini na moja zikawa nyingi. Alikabidhi ufunguo wa roshani kwa Felicja. Kila Jumapili bintiye alipotoka kanisani, jambo la kwanza aliloulizwa na mzee lilikuwa, "Nyuzi ngapi juu?" Felicja alidhani anamhurumia kwa baridi. Alikuwa akimpimia na kumtajia, naye mzee akishukuru na kuomba kalamu. Tarehe 29 Januari mwaka huu alilazwa hospitali ya wilaya, moyo na mapafu vikiwa vimejaa maji. Bibi alikuwa naye kila siku. Mchana wa tarehe 6 aliamka, akamwambia mkewe:

"Bronka. Uliacha."

"Ulipanda, Wicek."

Wakacheka hadi muuguzi akaingia kuuliza kama kuna tatizo. Kisha Marehemu akasema, "Madaftari yako kwenye sanduku la mikate." Bibi alidhani homa inamsemesha. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 7 Februari 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na sita na siku kumi na sita. Mkono wake ulikuwa katika mkono wa Bibi, na Bibi anasema haukuachia mara moja.

Jumatano Felicja alifungua sanduku la bati ambalo baba yake alihifadhia mikate ya Noeli. Ndani mlikuwa na madaftari kumi na tisa ya shule. Kila Jumapili na kila sikukuu kwa miaka arobaini na sita, Marehemu alikuwa ameandika mstari mmoja: tarehe, joto la roshani kabla ya misa na baada ya misa, idadi ya watu kwa kukisia, na sauti ya ogani ilipanda kiasi gani. Alikuwa akiipima kwa kile chuma cha umbo la uma ambacho ukikigonga kinatoa sauti ile ile daima. Pasaka yenye mvua ya mwaka 1984, watu mia sita. Misa ya asubuhi ya sikukuu fulani iliyoangukia Jumatatu, watu wanne, "na mbwa wa jirani Skiba". Mwanzo wa daftari la kwanza kabisa, tarehe 17 Januari 1977, asubuhi iliyofuata baada ya konseto, pana mstari huu:

"Bronka alikuwa sahihi. Ilipanda. Sikuwaamini watu wangu. Nitajifunza joto lao, halafu nitamwomba."

Bibi aliusoma mara mbili. Tulidhani atalia. Alipiga daftari juu ya meza. "Jizee hili! Tangu siku ya pili! Tangu siku ya pili, nami nimebishana naye miaka arobaini na sita kama mwendawazimu!" Akaufungua ukurasa wa mwisho, ambao mwandiko wake ulikuwa umetetemeka na kulegea, akausoma ule nao. Umeandikwa Desemba iliyopita: "Watu mia saba, wakati wa baridi, milango imefungwa: baada ya saa moja na nusu, nyuzi kumi na tatu. Piano ilinganishwe kwa hizo. Nimwombe baada ya Noeli." Hapo ndipo alipolia. Alipomaliza alijifuta kwa aproni, akasema, "Nipigieni Hieronim. Na mtafute piano."

Piano ile mnaiona pale mbele ya altare. Ilitoka Gorlice juzi, safari hii bila kujifanya ng'ombe. Bwana Hieronim, mwenye miaka sabini na mitano sasa, aliingia humu leo alfajiri na daftari la Marehemu mkononi. Kanisa lilikuwa na nyuzi nne. Alimuuliza Bibi swali lile lile la zamani.

"Watakuja watu wangapi?"

"Wote," alisema Bibi. "Safari hii hesabu wote."

Basi aliilinganisha piano kwa kanisa lililojaa, ambalo lilikuwa bado halijajaa. Ndiyo maana misa ilipoanza, Felicja alipogusa ogani na Bibi akagusa nota moja tu kujaribu, baadhi yenu mlikunja uso. Vilikuwa haviafikiani. Piano ilikuwa juu, peke yake, inasubiri.

Marehemu ameacha mke, Bronisława. Watoto Felicja na Roch. Wajukuu Kajetan, Jagoda na Tobiasz. Kitukuu mmoja wa miezi mitano ambaye mmekuwa mkimsikia. Na dada yake Genowefa, mwenye miaka tisini na mmoja, aliyekataa kiti cha magurudumu. Ameacha nyumba mia tatu na kumi na mbili zilizozoea hodi yake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Baba Paroko aliyekubali jambo hili lisilo la kawaida, na wote walioleta kuni, maua na supu.

Kabla hatujambeba, kwa dakika nne hivi, Bibi yetu mwenye miaka themanini na miwili atapiga piano, na binti yake atapiga ogani. Hawataanza mwanzo wa konseto. Mwanzo umekwisha sikika. Wataanzia ukurasa wa thelathini na moja, pale kifuniko kilipofungwa, na watakwenda mpaka mwisho, ambao hakuna mtu yeyote duniani aliyewahi kuusikia mzima, hata aliyeuandika. Asubuhi Bibi ameniambia niwatangazie, kwa kuwa yeye hatasimama kuhutubia: "Waambie niliacha. Ni kweli, niliacha. Sasa naendelea."

Felicja ametupa ishara kutoka juu, kipima joto kinasoma nyuzi kumi na mbili na nusu. Bado kidogo. Mara ya kwanza joto lenu liliipandisha ogani ikamwacha Bibi. Leo linaipandisha imfikie. Kwa hiyo tunawaomba msitoke, msifungue mlango, mfungue makoti yenu, msogeleane zaidi. Babu, wamekuja. Hawakusema tutaona. Lala salama, na usikilize.